Vidhibiti vilivyochoka: redio kaseti za zamani katika hewa ya chumvi ya Lamu

Kabla sijaiwasha redio kaseti yoyote inayoletwa mezani pangu, huipapasa kwanza ikiwa imezimwa na mawe yake, yaani betri, yametolewa. Huzungusha kifundo cha sauti kutoka mwanzo hadi mwisho, husukuma vidhibiti vyote vya kuteleza, hubonyeza vitufe vya kanda kimoja baada ya kingine, kisha huhamisha swichi ya mawimbi kutoka FM hadi masafa mafupi na kuirudisha. Kazi hiyo huchukua dakika mbili au tatu, nayo hunieleza mambo ambayo mwenye redio hakuyasema kwa kuwa hakudhani ni ya kusemwa. Kifundo kinachozunguka kwa wepesi kupita kiasi kimekwisha grisi, kinachokwama mahali pamoja na kupita kwingine kimeingia vumbi, na swichi inayohama bila kutoa mlio wowote imevunjika kitu ndani.

Naishi Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na jioni nyingi baada ya Alasiri huwa nimekaa mbele ya redio za miaka ya 1970 na 1980, zile kubwa zenye mkono wa kubebea na spika mbili. Watu wengi huamini kwamba redio hizi hufa kwa sababu ya mota au ya mikanda ya mpira. Ni kweli kwamba mikanda hulegea, na mingine huyeyuka ikawa kama lami, lakini mkanda hununuliwa na kubadilishwa kwa saa moja. Kwa niliyoyaona hapa Lamu, kinachozifikisha redio jaani ni vidhibiti, yaani zile sehemu ambazo mkono wa mtu huzigusa kila siku, kwa sababu kidhibiti kikichoka huharibu kila sauti inayopita ndani yake, na kilichotengenezwa kwa ajili ya redio fulani hakipatikani tena dukani. Kwa hiyo nimejifunza kuvihifadhi vile vile vya asili, na hilo ndilo ninalotaka kulieleza kwa urefu.

Mahali redio ilipoishi huonekana katika vidhibiti vyake. Nyumba zetu za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ndani ya kuta zake mna vidaka, au zidaka kama tusemavyo Waamu, ambamo wengi huweka redio kama pambo na kama chombo cha kutumia. Chokaa ya ukutani hupukutika kidogo kidogo kila siku, unga wake ukaingia katika zile nafasi nyembamba za vidhibiti vya kuteleza, ukakutana na grisi ya kiwandani na kuwa kinamo. Redio iliyokaa chomboni baharini, kwa upande mwingine, haina unga hata chembe, lakini springi za mawe zimeota kijani, miguu ya swichi imekuwa na maua meupe, na skrubu za nyuma hazifunguki bila kupashwa moto. Nikipewa redio bila maelezo, kwa kawaida naweza kusema kama ililala kidakani au baharini kabla sijafungua skrubu ya pili, na kwa kujua hilo najua pia nianze wapi.

Niseme kwanza volyumu inavyofanya kazi, kwa sababu makosa mengi ya utengenezaji hutokana na kutolijua jambo hili. Ndani ya kile kikebe kilicho nyuma ya kifundo mna njia ya kaboni iliyopakwa juu ya kipande cha ubao mgumu wa plastiki au wa karatasi iliyobanwa, imepindwa kama kiatu cha farasi. Juu yake hutembea ulimi wa chuma chembamba, mara nyingi wenye vidole viwili au vitatu kama chanuo dogo. Ncha mbili za njia hiyo zina miguu yake, na ulimi una mguu wake, jumla mitatu. Redio za stirio huwa na njia mbili juu ya ekseli moja, moja ya kushoto na moja ya kulia, na nyingine huwa na mguu wa nne unaotoka katikati ya njia, uliowekwa kwa ajili ya kuongeza besi sauti inapokuwa ya chini. Asiyeuona mguu huo wa nne akanunua kidhibiti cha miguu mitatu, atairudisha redio ikiwa imepungukiwa, na mwenyewe hatajua kwa nini haivumi kama zamani.

Njia ya kaboni ya volyumu haikupakwa sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Sikio la mwanadamu hupima sauti kwa uwiano, kwa hiyo watengenezaji huifanya njia hiyo ikue polepole mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Ukikifikisha kifundo katikati, ukinzani, yaani nguvu ya njia hiyo ya kuuzuia umeme, huwa umefika kama asilimia 10 hadi 15 tu ya jumla. Vidhibiti vya Kijapani huandikwa herufi A kwa aina hiyo, na B kwa ile inayokua kwa usawa, kisha hufuatwa na kiasi, kwa mfano A50K, yaani kilo-ohmu 50. Fundi akiweka B mahali pa A, redio itanguruma karibu yote katika robo ya kwanza ya mzunguko, na robo tatu zilizobaki hazitakuwa na kazi kubwa. Nimepokea redio kadhaa zilizofanyiwa hivyo, na kila mara mwenyewe alilalamika kwamba redio imekuwa "kali", hali redio haikuwa na kosa.

Basi redio inakwaruza. Swali la kwanza ni lini inakwaruza. Ikikwaruza kifundo kinapozungushwa tu, na kunyamaza kinapoachwa, ubaya uko katika njia ya kaboni au ulimi wake. Ikikwaruza hata mkono ukiwa mbali, kosa liko kwingine, pengine kwenye swichi, pengine kwenye kiungo cha risasi kilichopasuka. Na ikiwa imesafishwa, ikapona, kisha baada ya siku chache ikarudia, hapo mimi huichukua mita, nikaiwasha redio na kupima volti za mkondo mnyoofu (DC, kama ule wa betri) kwenye miguu ya volyumu. Kwa redio nyingi pasiwe na kitu hapo, au pawe na kitu kidogo mno. Nikikuta sehemu ya kumi ya volti au zaidi, najua kwamba kapasita iliyowekwa kabla ya volyumu ili kuuzuia mkondo mnyoofu imeanza kuvuja, na mkondo huo ndio unaotoa mlio ulimi unapotembea. Kapasita hizo ni ndogo, mara nyingi kati ya mikrofaradi 1 na 10, na bei yake haizidi ya kikombe cha kahawa. Hata ukiisafisha volyumu ya redio hiyo mara mia, haitapona mpaka kapasita ibadilishwe.

Sasa nizungumzie dawa ya kupuliza, jambo ambalo linanigusa sana. Madukani huuzwa mafuta ya kupuliza yaliyotengenezwa kwa ajili ya kulegeza nati zilizoshika kutu, na watu wengi, mafundi wakiwamo, huyatumia katika kila redio inayokwaruza. Mafuta hayo huyeyusha grisi iliyokuwa ikilainisha ekseli, huisukuma grisi hiyo hadi juu ya njia ya kaboni, kisha hubaki pale yakikusanya vumbi. Kwa siku mbili tatu redio huimba vizuri kwa sababu uchafu umesogezwa, na baada ya hapo huwa mbaya kuliko mwanzo. Dawa inayofaa ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya viunganishi vya umeme, na kwa kidhibiti kinachofunguka mimi hupendelea alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kijiti cha pamba na subira. Spiriti ya dukani ya kusafishia vidonda huwa imechanganywa na maji na mara nyingine na mafuta, kwa hiyo siigusishi na saketi.

Hata dawa iliyo sahihi ina mahali pasipofaa kupulizwa. Miaka yangu ya mwanzo niliharibu redio nzuri ya jirani yangu kwa kupuliza dawa kila kona, pamoja na ile kapasita ya kutafutia stesheni, ambayo katika redio hizi ndogo huwa ni kisanduku cha plastiki chenye sahani nyembamba zilizotenganishwa kwa karatasi laini za plastiki. Dawa iliingia kati ya karatasi hizo, zikajikunja na kushikana, na kuanzia siku hiyo redio haikushika stesheni yoyote ya masafa ya kati. Nilimweleza jirani ukweli na nikamtafutia nyingine. Tangu hapo hukifunika kisanduku hicho kwa kipande cha nailoni kabla sijafungua kopo.

Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja wa Mkomani akiwa amebeba redio ya Kijapani ya kanda mbili, imefungwa ndani ya kikoi. Ni ya miaka ya 1980, ina vidhibiti vitano vya kuteleza vya kurekebisha sauti, kuanzia besi hadi ile sauti nyembamba ya juu.

"Assalaam aleikum, mwanangu. Redio hini upande mmoja umekufa, na huu mwingine wakwaruza."

"Waaleikumu salaam, Ami. Imewahi kufunguliwa?"

"Haikufunguliwa. Ilipuliziwa dawa, ikapona siku tatu, kisha ikarudi kama ilivyokuwa."

Maneno hayo ya siku tatu yalinipa nusu ya jawabu. Niliifungua, nikapima, na nikakuta volti 0.3 kwenye volyumu ya upande wa kulia. Kapasita ikabadilishwa na mkwaruzo ukaisha. Upande wa kushoto ndio ulionikalisha hadi usiku.

Redio kaseti ina swichi moja ambayo mwenyewe haioni kamwe, nayo ni ile ndefu iliyolala juu ya saketi, inayohamishwa na kitufe cha kurekodia kupitia wenzo wa bati. Kanda ikichezwa, swichi hiyo hupeleka sauti kutoka kichwa cha kusomea hadi kwenye kikuza sauti, na kitufe cha kurekodia kikibonyezwa, hugeuza njia zote kwa pamoja ili kikuza sauti kile kile kipeleke sauti kichwani. Kwa sababu inabeba njia nyingi kwa wakati mmoja, huwa na miguu mingi, kama 20 au 30, na ndani yake vipande vya shaba vilivyopakwa fedha huteleza juu ya miguu hiyo. Fedha hugeuka nyeusi ikikaa hewani muda mrefu. Mguso mmoja tu ukiwa mweusi, upande mmoja wa sauti hupotea, na swichi ikisimama katikati, isiwe huku wala kule, redio hupiga mbinja au hulia kama kengele.

Hapa kwetu swichi hii imefanya kazi kuliko mahali pengi. Kaseti ambayo kampuni ya Philips waliionyesha mjini Berlin mwaka 1963 ilikusudiwa zaidi kwa kunasa maneno, na ukanda wake wa milimita 3.81 unaokwenda sentimita 4.76 tu kwa sekunde haukudhaniwa kuwa utafaa kwa muziki mzuri. Lamu iliipokea kwa kazi zote mbili. Watu walinasa kasida za Maulidi, mawaidha ya msikitini, mashairi yaliyosomwa na watunzi wenyewe na taarabu za harusi, na nyumbani kwetu zilikuwapo kaseti ambazo jamaa walijinasa wakisalimia, wakazituma Uarabuni badala ya barua. Kitufe cha kurekodia, ambacho kwingine ningetarajia kukikuta kizima, hapa mara nyingi ndicho kilichochoka kuliko vyote.

Niliweka kanda ndani ya redio ya yule mzee, nikaiacha icheze upande mmoja, kisha nikachukua kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha na kuisukuma ile swichi taratibu kwa upande. Ilisogea kama milimita moja, na papo hapo sauti ya kushoto ikarudi, kamili, kana kwamba haikuwahi kutoweka. Nikaachia kijiti, ikatoweka. Kumbe wenzo wa bati ulikuwa umepinda kidogo, labda kitufe kilipobonyezwa kwa nguvu siku moja, na springi haikuweza tena kuirudisha swichi hadi mwisho wa njia yake. Dawa ile iliyopulizwa isingeweza kuunyosha wenzo. Niliutoa, nikaunyosha kwa koleo mbili, nikapuliza dawa ya viunganishi kupitia upenyo wa mwisho wa swichi kwa mrija wake, nikaihamisha huku na huku mara 50 bila kuwasha umeme, nikaisubiri ikauke usiku kucha. Swichi yenyewe sikuichomoa. Kuchomoa miguu 30 kwenye saketi ya zamani ni hatari, kwa sababu njia za shaba zilizobandikwa juu ya ubao huo hubanduka kwa joto, na kosa moja hapo huzaa makosa kumi. Huichomoa tu pale ambapo kijani kimeingia ndani na dawa haifiki.

Baada ya hapo nikageukia vidhibiti vya kuteleza, na hii ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote. Kidhibiti cha kuteleza ni kisanduku cha bati chenye urefu wa kidole, na bati hilo limeshikwa chini kwa vikucha vinne vilivyokunjwa. Kila kikucha huvumilia kukunjuliwa mara mbili au tatu kabla hakijakatika, kwa hiyo siku ya kukifungua ni vizuri ukusudie kumaliza kazi yote. Nilikifungua cha tatu, kile kinachogusa sauti ya mtu, ambacho mzee alisema kimekuwa kizito na hukata sauti kikifika juu. Ndani yake grisi ilikuwa imegeuka rangi ya asali iliyoungua, imechanganyika na unga wa chokaa, na ulimi ulikuwa umelima mfereji ndani ya kinamo hicho. Niliipangusa kwa alkoholi, kijiti baada ya kijiti, bila kukwangua hata mara moja, kwa sababu tabaka la kaboni ni jembamba mno na ukucha tu huweza kulitoa. Ilipokuwa safi niliiinua karibu na taa. Juu ya ile rangi nyeusi isiyong'aa palikuwa na mistari miwili inayong'aa, mahali ambapo vidole vya ulimi vilipita kwa miaka mingi, na kuelekea juu mstari mmoja ulikuwa umefika hadi kwenye ubao wa kahawia. Mita ilisema vivyo hivyo: ukinzani ulipanda vizuri, kisha mahali hapo ukaruka na kupotea kabisa, kisha ukarudi.

Wapo wanaopaka risasi ya penseli mahali palipokwisha. Nimejaribu, na hudumu wiki chache, kisha unga wake husambaa na kubadilisha ukinzani wa njia nzima, kwa hiyo nimeacha. Ninachofanya ni kuvisogeza vidole vya ulimi pembeni kwa nusu milimita, kwa ncha ya sindano, ili vitembee juu ya kaboni ambayo haijawahi kuguswa. Njia ni pana kuliko ulimi, na pembeni mwa mfereji kwa kawaida pamebaki pazima. Ni kazi ya kushikilia pumzi, kwani kidole kimoja kikipinda vibaya hukatika, na hakuna cha kukirudishia. Baada ya kusogeza hutia grisi kidogo kwenye reli za pembeni tu, ili mkono uhisi ule uzito wa asili. Kidhibiti kikavu kinachoteleza bila uzito wowote husogea chenyewe redio inapobebwa, na kwangu hicho hakijatengenezwa.

Cha tatu kikapona kwa kiasi, lakini kule juu bado kilisitasita. Hapo niliutumia ukweli kwamba katika safu kama hii vidhibiti vyote vitano huwa ni vya aina moja na kiasi kimoja. Nilipima, vikalingana. Nikampigia mzee simu na kumuuliza ni kipi ambacho hakigusi. Akasema cha kwanza kushoto, kile cha besi, hajakisogeza tangu ainunue redio, kwa kuwa yeye husikiliza kasida na mawaidha. Basi nikavibadilishana nafasi: kile cha besi kilicho kizima kikaenda mahali pa sauti ya mtu, na kile kilichochoka kikakaa kushoto, kikiwa kimesimama katikati mahali ambapo kaboni yake ni nzima. Si kila redio inaruhusu hivyo. Kidhibiti cha kugawa sauti kushoto na kulia, kwa mfano, mara nyingi hakijachoka hata kidogo, lakini ukuaji wake ni wa namna nyingine, na hakifai kuwekwa mahali pa volyumu hata kama kiasi chake ni kimoja.

Vitufe vya kanda vina maradhi yake. Vingi huvunjika kwenye bawaba, na vingi vya vile vilivyovunjika, hasa kitufe cha kurekodia, vilivunjwa na mtu asiyejua kwamba kaseti ina vijino viwili nyuma. Kaseti za dukani zilizokwisha kurekodiwa huja zikiwa zimeng'olewa vijino hivyo ili zisifutwe kwa bahati mbaya. Ndani ya redio mna wenzo mdogo unaotafuta kijino, na usipokipata hukizuia kitufe kisishuke. Mtu akadhani kimekwama, akakikandamiza kwa gumba, kikakatika. Kipande cha selotepu juu ya tundu kingetosha. Kitufe kilichokatika mimi hukiunga kwa plastiki ya aina yake yenyewe, iliyoyeyushwa ndani ya asetoni hadi iwe kama uji mzito, na ndani yake hupitisha kipande chembamba cha waya wa shaba kama mfupa. Vitufe vyenye rangi ya fedha vinahitaji kukwanguliwa rangi hiyo kwanza mahali pa kuungia, kwa sababu gundi haishiki juu yake.

Vifundo navyo hupasuka kwa ndani, pale vinapoishika ekseli ya milimita 6, kisha huzunguka bure huku ekseli imesimama. Watu hujaza gundi, na siku ya kuitengeneza redio tena kifundo hakitoki bila kuvunja kitu. Mimi nilimwendea sonara wa mtaa wetu, anayetengeneza pete za fedha, nikamwomba anikunjie kijipete cha shaba nyembamba chenye kipimo cha shingo ya kifundo kwa ndani. Alikikunja na kukilehemu mbele yangu, kikaingia kwa kubana, ule ufa ukafunga, na kifundo sasa hutoka na kuingia kama kipya.

Redio ya mzee ilikuwa na kifundo kimoja kilichopotea kabisa, cha kutafutia stesheni. Nilimpelekea fundi wa milango kile cha volyumu kiwe mfano, naye akanichongea kingine kwa kipande cha mbambakofi kilichobaki kwenye fremu ya mlango, akatoboa tundu la milimita 6 na kuingiza kipande bapa upande mmoja ili tundu liwe na umbo la ekseli, ambayo imekatwa ubavu. Nilikusudia kukipaka rangi nyeusi kifanane na wenzake. Uzi wa kuendeshea mshale wa stesheni ulikuwa mzima, nikashukuru, maana huo ukikatika hutaka mchoro wa kila mzunguko wake kabla ya kuutoa, na asiyechora hupoteza siku nzima.

Mzee alikuja Ijumaa baada ya Alasiri. Hakuuliza bei kwanza. Alivisogeza vidhibiti kimoja kimoja, akakirudia kile cha tatu mara kadhaa hadi juu kabisa, kisha akatoa kaseti mfukoni, akaitazama nyuma kama ina vijino, akaitia na kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Alisoma beti nne za kasida mbele ya kipaza sauti kilichojengewa redioni, akarudisha kanda nyuma, akasikiliza, sikio moja karibu na spika ya kushoto na kisha ya kulia. Nilimwambia asiirudishe kidakani, na kwamba angalau mara moja kwa mwezi avitembeze vidhibiti vyote kutoka mwanzo hadi mwisho, hata vile asivyovitumia, ili migusano isishike kutu. Kuhusu kifundo cha mbambakofi, alikigeuza mara mbili tatu na kuniambia nisikipake rangi.

"Hiki kiache hivi hivi," alisema, akaifunga redio ndani ya kikoi chake.